Taiti za Mguu Wenye Kovu

Binti yangu alikuwa na miaka kumi alipoanza kujifunza kuteleza kwenye barafu. Ulikuwa msimu wetu wa pili wa baridi hapa Buffalo, Marekani. Mguu wake wa kushoto una kovu la moto tangu tulipokuwa kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, kuanzia gotini hadi kwenye kifundo. Siku ya tatu alirudi akichechemea. Taiti nyepesi nilizomnunulia zilikuwa zimelichubua kovu, damu ikakauka, na nilipozivua, ngozi ikabanduka nazo.

Kesho yake nilikwenda dukani. Niliingiza mkono ndani ya kila taiti, nikitafuta mshono kwa vidole. Zile nzito zilikwaruza, zile laini zilipitisha baridi. Mwishowe nilipata zenye manyoya mororo kwa ndani, mshono uko nyuma tu. Nikachukua saizi kubwa kidogo zisimbane.

Nilimvalisha chumbani, akakunja goti mara kadhaa.

"Haziumi, mama," alisema. Kisha akaniuliza, "Hivi niliunguaje?"

Miaka yote nilikuwa nikimwambia kwamba uji ulimmwagikia, naishia hapo. Safari hii nilimweleza kwamba nilimwacha peke yake karibu na jiko, nikaenda kugombana na jirani kwenye foleni ya maji.

Aliteleza na taiti zile msimu mzima bila kuchubuka tena. Lakini tangu siku hiyo alizivaa mwenyewe, mlango ameufunga.