Tangawizi kwenye Foleni ya Ikama

Juzi nilikuwa kwenye zahanati moja hapa Jeddah, tumepanga foleni kupimwa afya kwa ajili ya ikama, kibali cha kuishi huku. Mbele yangu dada Mkenya, mfanyakazi wa nyumbani mtaa wa Al-Hamra, alikuwa akitafuna tangawizi ili daktari asimsikie akikohoa.

"Sister, kwetu ungevunja sheria," mlinzi mmoja kutoka Sierra Leone, naye kwenye foleni, akamwambia kwa Kiingereza. "Wakati wa Ebola, ukificha ugonjwa, chifu anakutoza faini."

Mimi sheria nazipenda zikisemwa wazi. Nikamuuliza, "Na aliyejitokeza?"

"Alitibiwa bure. Jamaa zake waliobaki nyumbani walizuiwa kutoka, wakaletewa mchele mlangoni."

Dada akageuka. "Na kazi yake?"

Mlinzi akakuna kidevu. "Hilo sikulisikia."

"Basi, kaka, mimi nikikohoa humo ndani, kafili, huyu tajiri aliyenileta, ananirudisha Kenya, halas, imekwisha. Watoto wangu wataacha shule kwa kukosa ada."

Akaitwa. Akatia kipande kingine mdomoni, akaingia.

Nilishafungua mdomo nimkaripie, maana udanganyifu hunichemsha damu. Nikaufunga. Picha ya kifua wanayopiga humo ndani haionji tangawizi. Itasema kweli yake. Ninachotaka kujua ni nani atakayemletea yeye mchele mlangoni.