Mwanamke Aliyetaka Kuiona Uluguru Kutoka Angani

Wapo watakaosema niliota, na wengine watasema ni mawenge ya kukaa mbele ya kompyuta kutwa nzima. Waseme. Mimi nilikuwepo, akili zangu timamu, na nje jua lilikuwa linawaka. Nakusimulia kama lilivyotokea.

Ilikuwa miaka ile biashara zilipofunguliwa, kila mwenye chochote Morogoro anaanzisha kitu: baa, saluni, kibanda cha simu. Bwana Mloka, aliyekuwa mkulima tu huko milimani, akashuka mjini akafungua chumba cha intaneti karibu na stendi ya Msamvu. Akaniajiri niwaelekeze wateja. Watu walijiuliza mtaji kaupata wapi, lakini hakuna aliyemuuliza usoni. Mkewe, Koleta, tuliambiwa alitoroka na dereva wa lori. Aliyekuwa akitusimulia hivyo ni Mloka mwenyewe, huku akitikisa kichwa kwa huzuni.

Wateja wakipungua, mimi nilikuwa na ugonjwa wangu: picha za anga. Wazungu walikuwa wameiweka wazi hazina yao ya picha na video, mtu yeyote anaingia bure. Nilitazama wanaanga wakielea kama pamba, na mwezi na mashimo yake. Nilizopenda zaidi ni zile walizopiga dirishani wakipita juu ya nchi za watu. Intaneti ya siku hizo ilikuwa nzito, picha inashuka kutoka juu mstari kwa mstari, mpaka chai inapoa.

Siku hiyo akaingia mama mmoja. Khanga zake zimelowa chapachapa, na nimekwambia nje ni jua. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa lafudhi ya Waluguru wa juu kabisa. Akasema amesikia hapa watu wanaiona dunia kutoka juu. Nikamvutia kiti.

Nikamwonyesha mwezi. Hakuujali. Alitaka Uluguru. Nilikuwa na picha moja niliyoipata kwenye hazina ile, nikaifungua: milima, msitu, mawingu yamelala upande wa mashariki. Akaweka kidole kwenye kioo, pale msitu unapoishia.

"Hapa ni kwa mama yangu," alisema. "Kabla yake palikuwa kwa bibi. Kwetu ardhi inafuata tumbo la mama. Mwanaume anakuja kulima tu."

Nikamweleza kwamba picha ile haisogei karibu zaidi ya hapo. Niamini, sikugusa kitu. Picha ikaanza kusogea yenyewe. Msitu ukawa miti, miti ikawa majani. Nikaona matuta ya kabichi, na pembeni mwanaume anachimba shimo kubwa kuliko la mgomba. Karibu na miguu yake palikuwa na kitu kimeviringishwa kwenye mkeka. Ile ni picha ya mgando, unanielewa? Lakini jembe lilikuwa linapanda na kushuka.

"Alitaka kuwauzia watu wa mjini shamba hili," mama yule alisema. "Nikakataa."

 Akauliza mwenye chumba hiki anakuja saa ngapi. Nikamjibu kwamba huja kufunga jioni. Akaniagiza nimwachie picha ile, nisizime. Nikatupia jicho kwenye kioo, nilipomgeukia tena kiti kilikuwa kitupu. Na mlangoni hakupita, maana mimi ndiye niliyekaa njiani. Ungekuwa wewe, ungezima? Sikuthubutu.

Mloka alikuja kabla jua halijazama, mchangamfu kama kawaida yake. Nikamwambia kuna mama amemwachia picha aitazame. Kwenye kioo sasa palikuwa na milima tu, hata nikaanza kupumua. Mloka akainama. Picha ikapotea, kisha ikaanza kushuka upya, mstari kwa mstari. Safari hii haikuwa milima. Zilikuwa nywele. Zikafuata paji la uso, kisha macho. Mimi niliishia kwenye macho nikageuza shingo. Mloka aliitazama yote.

"Koleta," alisema taratibu. "Mbona nilikufunika vizuri?"

Alisikiwa na wateja wote waliokuwemo, wakiwemo wanafunzi wawili wa chuo cha Mazimbu. Mloka akang'oa waya ukutani. Kioo hakikuzimika. Akatoka mbio, tukamfuata hadi tukamkamata, na mwisho ni yeye mwenyewe aliyewaongoza polisi na kaka zake Koleta hadi juu mlimani. Walimpa jembe, akalikataa, akafukua kwa kucha. Kaka zake walimzika dada yao upya, na shamba likarudi kwa mabinti wa ukoo.

Utadhani mama yule aliridhika. Mloka alifungwa, na miaka kadhaa baadaye nilikwenda kumtazama. Mnyapara alinieleza kwamba hatoki nje bila kujifunika gunia kichwani, hata kwenye joto. Nikamuuliza Mloka mwenyewe kwa nini. Alinijibu kwa kunong'ona.

"Bado anazunguka huko juu. Kila akipita, anasimama kunitazama."

Mimi niliacha kazi ile. Hadi leo, picha ikichelewa kufunguka kwenye simu, naiweka simu kifudifudi. Nawe unayenisikiliza, kama kuna jambo ulimfanyia mtu porini ukaamini hakuna aliyekuona, usijipe moyo. Nenda kaliseme mwenyewe, kwa mdomo wako, mbele ya ndugu zake. Koleta nilimwona jinsi anavyotazama. Hana haraka.