Choo cha Juu ya Chemchemi

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya masika ambayo hadi leo haijanitoka moyoni. Nilikuwa bado msichana, nimeolewa juzijuzi huko Kilolo, na wiki ile tulikuwa tumemzika mtoto wa wifi yangu Agnesi. Aliharisha siku chache tu, akanyauka, akatutoka. Watoto wengine walikuwa bado wamelala ndani, wagonjwa, na minong'ono ya uchawi ilishaanza.

Bwana afya alikuwa amechukua maji ya chemchemi yetu kwenda kuyapima Iringa mjini. Asubuhi hiyo akarudi.

"Yana bakteria wa kinyesi," alisema.

Watu wakaguna. Maji yenyewe yaling'aa, kokoto zote za chini unaziona!

"Hao hawaonekani kwa macho," akasema. "Mvua inawateremsha kutoka huko juu."

Tukatazama kilimani, kisha tukainamisha vichwa. Juu pale palikuwa na choo kimoja tu, cha Mzee Filipo, mzee wa kanisa, yule yule aliyesoma sala kaburini.

Vijana wakaanza kupandisha sauti. Mama mkwe wangu, bibi wa yule mtoto tuliyemzika, akawanyamazisha, akajifunga kanga, akapanda kilima. Nikamfuata.

"Kamwene, baba," alimsalimu Mzee Filipo, akaketi kwanza. "Choo chako kinavujia kwenye maji yetu. Hukujua, na sisi hatukujua. Nimekuja tusaidiane kukihamisha."

Mzee aligeuka kukitazama choo chake. Machozi yakamtoka. "Mama, kumbe ni mimi niliyemuua yule mtoto?"

"Hukumuua, baba. Lete jembe."

Mchana ule hata wale vijana walikuwa huko, wakichimba choo kipya upande wa pili wa kilima. Cha zamani kikafukiwa. Chemchemi tukaizungushia uzio ng'ombe wasiikanyage, na maji ya kunywa tukawa tunayachemsha. Watoto waliobaki walipona. Agnesi alichelewa sana kucheka tena, lakini alicheka.

Ndiyo maana, mwanangu, nakusumbua na sufuria kila ukija. Maji yakiwa maangavu usidhani ni salama. Yachemshe mpaka yatokote. Kabla hujachimba choo, angalia nani anachota maji chini yako. Na jirani akikudhuru bila kujua, mwendee kwa upole, umpe nafasi ya kutengeneza. Mungu akutunze, awatunze na watoto utakaowalea, na kila kikombe utakachowanywesha kiwape uzima.