Mpira Chini ya Kiti

Godelieve alikuwa amechoka kusema. Tangu paroko alipomkabidhi ufunguo wa mashine ya kukata majani, miezi miwili iliyopita, alikuwa akirudia neno lile lile kwa watu wale wale: msinikaribie nikiwa juu ya mashine. Aliwaambia wanakwaya. Aliwaambia akina mama wa chama cha rozari. Aliwaambia vijana wa pikipiki za taxi-moto waliokatiza uwanja wa parokia ili kukwepa msongamano wa soko la Manika. Wote waliitikia "ndiyo, mama", wakacheka, na kesho yake wakaja tena kumpa mkono huku kisu kinazunguka chini ya matako yake. Afadhali mtu anayekukatalia waziwazi kuliko huyu anayekukubalia kwa mdomo na kukupuuza kwa miguu.

Mashine yenyewe haikuwa mpya. Kampuni moja ya shaba ilinunua mashine nyingine kwa ajili ya makazi ya mainjinia wake, ikaipa parokia ile ya zamani, ya kukaliwa kama trekta ndogo, rangi imechujuka na betri imechoka kama mzee wa pensheni. Beya, sakristani, alikuwa na uhakika kwamba ataiendesha yeye. Lakini paroko, Abbé Barnabé, alimchagua Godelieve, ambaye alikuwa ameufyeka uwanja ule kwa mkono miaka tisa, jua na mvua. Beya alinuna wiki nzima.

Kampuni ilimtuma mtu aitwaye Stany kumfundisha kwa siku mbili. Kabla hajamwonyesha hata ufunguo, Stany alikaa kwenye ngazi ya kanisa, akavua kiatu cha kushoto. Vidole viwili havikuwapo.

"Mama, angalia muzuri," alimwambia. "Hii mashine haina na huruma. Haijue muguu, haijue majani. Yote inakata."

Godelieve aliangalia, na tangu siku ile hakuhitaji kukumbushwa. Kila asubuhi aliupita uwanja mzima na ndoo akiokota mawe, maana kisu kikipata jiwe hulirusha kama manati. Kwenye mteremko nyuma ya groto ya Bikira Maria alipanda na kushuka wima, hakukata kwa ubavu hata siku moja, asije akapinduka. Hakurudi nyuma bila kugeuza shingo. Hakutia petroli injini ikiwa ya moto. Na kabla ya kushuka, alifundishwa, unazima kisu, unavuta breki, unazima ufunguo, unangoja mpaka chini kunyamaze kabisa. Endapo utasahau, chini ya kiti kuna swichi ndogo: ukinyanyua matako tu, injini inakufa yenyewe.

"Hii buto njo malaika yako," Stany alisema. "Usiiguse hata siku moja."

Watu walimcheka kwa ile ndoo, wakimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza. "Mama Abigaëlle, cobalt iko mu kiwanja ya Mungu? Tuite banégociants bainunue?" Aliwaacha wacheke. Mawe hayakuwa tatizo lake. Tatizo lake lilikuwa baba mkwe.

Mzee Kankolongo alikuwa fundi mstaafu wa reli. Mke wake alipofariki aliondoka Lubudi, akaja kuishi kwa mwanawe Mulumba, mume wa Godelieve. Kila siku alisali misa ya asubuhi, akapiga soga na wazee wenzake, kisha saa tatu kamili, kwa saa yake ya reli, akakatiza uwanja na fimbo yake kurudi nyumbani. Na mzee huyu alikuwa Muluba wa Kasai wa zile siku za zamani. Kwake yeye, mke wa mwana hamsalimu baba mkwe akiwa amekaa. Anashuka pale alipo, anapiga magoti, anapiga makofi ya taratibu, anasema "Moyo wenu, tata" na macho yake yako chini. Godelieve, mtu wa kaskazini mwa Katanga, alijifunza hayo yote alipoolewa. Hata hivyo miaka kumi na sita ilipita mzee hajawahi kumwita ila "bibi ya Mulumba", yaani mke wa Mulumba, kana kwamba hakuwa na jina wala hakumzalia wajukuu wanne.

Wiki ya kwanza ya mashine, Godelieve alimsalimu kutoka kitini, kwa kichwa na kwa mkono. Mzee alipita kama aliyepita mti. Nyumbani hakugusa bukari, ugali wake, siku tatu. Alimwambia mwanawe, kwa sauti ya kutosha kufika jikoni: "Bibi yako ananisalimia juu, sawa shefu banabeba mu tipoyi. Mi simujue."

Basi akaanza kushuka. Kila alipomwona mzee anatokea pembeni mwa kanisa, alisimamisha mashine na kushuka, na injini ikazima kama ilivyotengenezwa kuzima. Alipiga magoti, mzee akaitikia "Eyo" na kwenda zake. Kisha Godelieve aligeuza ufunguo, na betri ikatoa mlio kama wa kuku anayekufa. Hapo ilibidi aende kubisha kwa paroko, aombe jeep ije na nyaya za kuiamsha mashine. Kila siku. Wanaume wazima wakisimama kando na kumwambia kwamba mashine haimpendi mwanamke.

Alijaribu njia zote. Alimwomba mumewe azungumze na baba yake apite barabarani. Mulumba alijikuna shingo, akasema, "Papa njo papa," na huo ndio uliokuwa mchango wake wote. Basi akaenda mwenyewe, akapiga magoti mbele ya kiti cha mzee.

"Tata, naomba, mupite ku barabara. Ile mashine iko mubaya. Kisu inaweza kuwakamata."

Mzee alimtazama kwa muda mrefu. "Nilitumika ku reli myaka makumi tatu na moja. Lokomotive haikunikata. Sasa kamashine ka majani njo kataniambia fasi ya kupita?"

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, walisema wahenga. Hawakusema mkuu mwenyewe asiposikia ni guu la nani litakalovunjika.

Ikafika wiki ya kipaimara. Askofu alikuwa aje Jumapili, na mvua za mwezi ule zilikuwa zimeyapandisha majani hadi magotini. Abbé Barnabé, aliyekuwa mvumilivu mpaka hapo, alimwita Godelieve sakristia.

"Mama, siku ya posho mangaribi, kiwanja yote ikuwe imekatwa. Ikishindikana, ufunguo nitapatia Beya. Haiko hasira. Ni kazi."

Siku ya posho ni Jumamosi, na siku aliyoitwa ilikuwa Ijumaa. Godelieve alitoka na hasira, na hakuwa na wa kumkasirikia. Akishuka, anapoteza ufunguo. Asiposhuka, anapoteza nafasi yake katika nyumba aliyoijenga kwa miaka kumi na sita. Na Ijumaa ile injini ilizima mara tatu: mara moja kwa mzee, mara mbili kwa wamama wa rozari waliosimama mbele ya mashine kumuuliza habari za watoto. Mara ya tatu jeep ilikuwa imekwenda Mutshatsha kuchukua mahindi. Akakaa juu ya mashine iliyokufa katikati ya majani, akataka kulia, na hata kulia kukamshinda.

Beya alimkuta hapo. Mkononi alikuwa na ukanda wa mpira aliokata kutoka tyubu ya pikipiki.

"Mama, unajitesa bule," alisema, na safari hii hakuwa na kejeli. "Tunafunga buto na hii mpira. Mashine itawaza bado uko juu. Utashuka, utapana heshima kwa bukwe yako, utapanda. Moteur haizime."

"Stany alikatala."

"Stany eko na bukwe mu kiwanja?"

Godelieve alivikumbuka vile vidole visivyokuwapo. Alivikumbuka vizuri kabisa. Kisha akauangalia uwanja, nusu yake ikiwa bado pori, akasema, "Fanya."

Jumamosi alfajiri jeep iliiamsha mashine, na tangu hapo haikuzima. Kazi ilikwenda kama wimbo. Mama mmoja alikuja kusalimu. Godelieve akashuka, akasalimu, akapanda, injini inanguruma. Kijana wa taxi-moto akaja, vivyo hivyo. Aliona aibu kidogo kwa jinsi ilivyokuwa rahisi. Alichokuwa hajakitambua ni hiki: wiki zote zile alipokuwa akishuka na injini kujifia yenyewe, mkono wake ulikuwa umeacha desturi ya kuzima kisu kwanza. Malaika alikuwa akimfanyia. Sasa malaika alikuwa amefungwa kwa mpira, na mkono ulikuwa umesahau.

Saa tatu kamili Mzee Kankolongo akatokea pembeni mwa kanisa.

Godelieve alivuta breki, akashuka, akapiga magoti katika majani mabichi hatua mbili kutoka kwenye mashine, akapiga makofi. "Moyo wenu, tata." Lakini injini ilikuwa ikinguruma, na masikio ya mzee yalibaki kwenye reli zamani. Hakusikia. Na mzee hakuwa mtu wa kupunjwa salamu. Akasogea. Godelieve akarudia kwa nguvu, macho chini kama ipasavyo, na kwa kuwa macho yake yalikuwa chini aliuona mguu wa mzee ukija, kiatu kilichopigwa rangi, halafu ncha ya fimbo ikitafuta mahali pa kusimama. Ikapata mahali chini ya ukingo wa bati la mashine.

Mlio ulikuwa kama wa mlango kung'olewa. Fimbo ilichomoka mkononi mwa mzee ikaingia yote, ikatoka upande wa pili vipande vipande. Ilikuwa fimbo ya mpingo, zawadi ya mafundi wenzake wa Lubudi, na pete ya shaba ya ncha yake ilipita kando ya sikio la Godelieve ikagonga ukuta wa groto. Mzee alianguka kwa makalio. Mguu wake wa kushoto ulilala kwenye majani, mzima, kiganja kimoja tu kutoka kwenye ukingo wa bati.

Godelieve aliruka, akazima ufunguo. Alingoja mpaka chini kukanyamaza. Kisha akageuka, na yale yaliyokuwa yamemkaa kooni miezi miwili yakatoka yote kwa mara moja, akiwa amesimama, macho kwa macho.

"Tata! Nilisema! Nilituma bwana yangu, nilipiga magoti, nilisema na kinywa yangu! Munataka heshima ama munataka muguu?"

Wamama wa rozari walishika midomo. Kumpigia baba mkwe kelele hadharani ni jambo ambalo hata kuku wa faini hatoshi kulifuta, na hakuna aliyelijua hilo kuliko yeye. Mzee alikuwa akiutazama mguu wake. Aliutazama kama mtu anayehesabu.

Vijana walimnyanyua wakampeleka nyumbani. Godelieve alipiga goti kando ya mashine, akaufungua ule mpira kwa kucha na kwa meno. Beya alikuwa amesimama karibu, hana pa kuweka mikono yake. Godelieve alitamani kumtukana, na ingempunguzia hasira. Lakini Beya alifunga tu. Aliyesema "fanya" ni yeye. Hasira zake zilizunguka uwanja mzima zikitafuta mtu, zikarudi kwake.

Alikwenda kwa paroko akasema yote, pamoja na mpira. Abbé Barnabé alisikiliza, akashika kichwa, kisha akauchukua ufunguo. Sehemu iliyobaki Godelieve aliifyeka kwa mkono mpaka jua likazama. Jumapili askofu alikanyaga uwanja ambao nusu yake ilikuwa laini na nusu kama kichwa kilichonyolewa na mlevi. Nyumbani Godelieve alimchinjia mzee kuku, akampelekea kwa magoti kuomba msamaha. Mzee alikula, akanawa mikono.

Jumatatu paroko alimrudishia ufunguo. "Mpira, hapana tena," alisema, na kumletea jeep. Godelieve aliokota mawe yake, akapanda, akaanza kukata upande wa barabara. Saa ya reli haikosei.

Saa tatu mzee alitokea pembeni mwa kanisa, ameegemea mpini wa ufagio. Akafika ukingoni mwa majani. Akasimama.

Mkono wa Godelieve ulikwenda wenyewe: kisu, breki. Ulikuwa umefika kwenye ufunguo, na roho yake ikiwaza tena jeep, nyaya, wanaume wa kando na maneno yao, mzee alipouinua ule mpini juu.

"Mama Abigaëlle!" aliita kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na garimoshi. "Ikala, usishuke!"

Godelieve alidhani hakulisikia vizuri jina lile. Wakati huo kijana mmoja wa taxi-moto alikuwa ameanza kukatiza uwanja akija kumpa mkono kama kawaida yake. Mzee alimwekea mpini kifuani.

"We! Hauone mutu eko ku kazi? Pita ku barabara!"

Kijana akarudi nyuma. Mzee naye akavua kofia, akaiweka kifuani, akangoja pale pale alipo, hatua ishirini kutoka kwenye mashine.

Godelieve aliinua mikono mzee aione, akapiga makofi ya taratibu. "Moyo wenu, tata," alisema, akiwa amekaa.

"Eyo," mzee akaitikia, akavaa kofia, akashika njia ndefu ya barabarani, kwenye vumbi.