Pikapu Iliyokata Pumzi Mlimani

Pikapu ya baba haikuwa na shida kwenye tambarare. Ukitoka nayo Wete mpaka pale barabara inapoteremka kwenye bonde la mpunga, ilikwenda kama bibi harusi, taratibu na kwa heshima zake. Shida ilikuwa mlima wa kwetu, ule wa njia ya Gando. Unakanyaga mafuta, turbo, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa, inaanza kupiga mluzi wake kama kawaida, halafu katikati ya mlima, penye mkorosho, mluzi unazama. Ekzosi inatoa moshi mweusi na gari linakuwa zito kana kwamba watu wamelishika kwa nyuma. Ukilizima likapumzika kidogo, ukawasha tena, linapanda. Linakuwa zima kabisa, kama halijapata kuumwa.

Baba alifia Unguja, hospitali. Aliondoka nyumbani kwa miguu yake, na mkoba mdogo, akasema anakwenda kupimwa tu. Tukaja kumpokea bandarini Mkoani akiwa kwenye jeneza. Mimi sikulia. Kwetu mimi ndiye mtu wa kucheka, ndiye wa kuiga sauti za majirani mpaka watu washike mbavu, kwa hiyo wengine walidhani nitalia zaidi ya wote. Nilibeba, nikachimba, nikagawa chai ya hitima. Umewahi kudungwa sindano ya kung'olewa jino? Unagusa shavu lako, unajua ni lako, lakini halijibu. Basi ndivyo nilivyokuwa mwili mzima.

Ami yangu, mdogo wake baba, alinikalisha kitako barazani.

"Mama yako akitoka eda tunagawa mirathi," alisema. "Gari likiwa linapanda mlima, lichukue liwe fungu lako. Likiwa halipandi, yuko mtu Chake Chake ananunua vyuma chakavu."

"Litapanda, ami."

"Weye hata baiskeli yakushinda kuipandisha pale."

Nilicheka. Kichwani mwangu nilikuwa na pikapu tatu tayari: moja ya kuchukua samaki kwenye kivuko cha Kojani, moja ya mihogo ya Kiuyu, na hii ya baba niendeshe mwenyewe nikiwa nimekunja mikono ya shati. Hata rangi nilikwisha chagua. Nikimweleza mtu ndoto hizo, mdomo wangu ulizisema vizuri vile vile kama zamani. Ila ilikuwa kama kusoma maneno kwenye mfuko wa saruji.

Mama alikuwa ndani, kwenye eda, na nguo zake nyeupe. Hakutoka, lakini nyumba yetu iko juu kabisa ya ule mlima, na kila nilipopanda alisikia. Nilikuwa sijavua viatu, ananiuliza kutoka chumbani.

"Limekata tena?"

"Limekata, mama."

"Pale penye mkorosho?"

"Pale pale."

"Baba yako likimpandisha likiimba mpaka mlangoni," alisema kila mara.

Nililipeleka Wete kwa fundi wetu. Nasema wetu, na aliyeishi Pemba miaka hiyo ya vyama ananielewa. Watu walichagua kwa chama duka la kununulia chumvi, msikiti wa kuswalia, hata mtu wa kumwamkia. Pale Wete gereji mbili zilitazamana, barabara katikati, kila moja na bendera yake. Ukoo wetu uliingia upande mmoja tu. Fundi wetu alibadilisha chujio la dizeli, akasema natia mafuta machafu ya madumu. Gari likapanda siku chache, likakata. Akakaza mipira yote ya turbo kwa vibano vipya. Likapanda, likakata. Mwisho akaifungua turbo yenyewe, akaitikisa shafti yake kwa vidole, akaipuliza, akairudisha.

"Hii imekufa, yakhe. Tafuta nyingine."

"Imekufa vipi na inapiga mluzi?"

"Kwani kuku ukimchinja haruki?"

Vijana wa pale wakaangua kicheko, na mimi nikacheka nao. Turbo nyingine ningeipata wapi.

Siku moja lilikata nikiwa na nesi, dada wa bara aliyehamishiwa kituo cha afya cha kijijini kwetu. Nyuma wamekaa kina mama na vikapu vyao. Nikashuka, nikafungua boneti. Yule nesi naye akashuka, akasimama pembeni yangu, akavuta hewa puani.

"Samahani kaka, humu umebeba karafuu?"

Kina mama walimsikia.

"Bi nesi," akasema mmoja, "kuno ni Pemba. Kuno hata wali wanuka karafuu."

"Lakini si mliniambia msimu umekwisha?"

"Msimu umekwisha, mwanangu. Harufu haina likizo!"

Wakacheka mpaka kikapu kikaanguka. Niliinama nikanusa. Sikusikia harufu yoyote, isipokuwa moto wa injini. Nilizaliwa kwenye jamvi la karafuu, nimelala juu ya magunia yake, nimekwenda chuo cha Kurani na vidole vyeusi kwa kuchambua makonyo, vile vijiti vyake. Kuniuliza mimi harufu ya karafuu ni kumuuliza samaki habari za chumvi. Nikawasha gari, tukapanda.

Eda ilipobaki kidogo, nilipeleka gari Wete mara ya mwisho, na fundi wetu akanambia bila hata kuinuka: "Si nimekwambia imekufa?" Nikatazama upande wa pili wa barabara. Sikuwa na ushujaa wowote, nisije nikasifiwa. Hofu nayo ilikuwa imelala pamoja na vitu vingine. Nikakata usukani, nikavuka. Nyuma yangu nyundo zikanyamaza.

Fundi wa upande ule alikuwa mzee, na miwani yake imefungwa uzi.

"Leo umepotea njia?"

"Sikupotea, mzee. Salaam aleikum."

"Waaleikum salaam." Akafuta mikono kwa kitambaa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Baba yako mie sikumzika. Nilivaa kanzu, nikafika mpaka njia panda. Nikaambiwa rudi, usije ukatiwa aibu mbele za watu. Nikarudi."

Akainua mikono pale pale kati ya matairi, akaanza Fatiha, na mimi nikainua yangu. Alipomaliza akajipangusa uso, akafungua boneti.

Hakugusa turbo. Alichomoa bomba linaloleta hewa kwenye boksi la chujio la hewa, chujio lenyewe akaliacha mahali pake, kisha akapanda kiti cha abiria.

"Twende kwenye huo mlima wako."

Tulipofika bondeni akanambia nikanyage bila huruma. Nikakanyaga. Mluzi ukaanza, tukaufikia mkorosho, tukaupita. Mluzi haukuzama. Ulipanda nasi mpaka uani kwetu, kuku wakakimbia.

"Turbo ya baba yako ina uzima kunshinda mie," alisema yule mzee. "Gari halina ugonjwa, gari lakabwa. Kitu kiko huku hewa inakoingilia. Likivuta kwa nguvu chaenda kuziba, ukilizima chaanguka. Mafundi wakitikisa tikisa, chatulia siku mbili tatu."

Lile bomba lilianzia ndani kabisa ya madigadi, mahali ambapo jicho halifiki. Akajaribu mkono wake, ukakwama kwenye kiwiko. "Tia wako, mwembamba." Nikalala ubavu chini, nikaingiza mkono mpaka begani. Vidole vikagusa kitambaa.

Hapo ndipo nikamkumbuka yule nesi.

Kilikuwa kifuko cha kitambaa cha marekani, kimeshonwa, kimefungwa kwa uzi kwenye mdomo wa bomba ili kisipotelee ndani. Kwa vumbi kilikuwa kimegeuka rangi ya ardhi. Mzee akanipa kisu nikate uzi. Sikukata. Lile fundo nililijua: baba alifunga magunia yote kwa fundo hilo, akizungusha mara mbili na kuficha ncha kwa ndani, na sote tulimlalamikia kwamba halifunguki. Nikalifungua kwa kucha. Nilichukua muda, na yule mzee hakunihimiza.

Akakipokea, akakinusa, akatikisa kichwa.

"Karafuu. Na boneti hii nimeifungua leo, pua yangu imekaa juu yake. Sikusikia kitu."

Nikakipeleka ndani. Mama alikitia kiganjani, akapitisha kidole kwenye mshono.

"Huu mkono wangu," alisema. "Panya walikuwa wakizaa ndani ya gari, wakiingilia kwenye bomba. Asubuhi ile anaondoka akanambia nishonee kifuko, niwatilie karafuu wasiingie nikiwa sipo. Akakitia mwenyewe. Akasema gari lisiguswe, nikirudi nitakitoa." Akakigeuza upande wa pili. "Nimesahau, mwanangu. Nawasikia mkisema gari, gari, na mie nimesahau."

Nikamwambia si kitu. Nje nikasikia sauti ya ami anatoka shamba.

"Huyu kaja kufanya nini kuno?"

Kabla sijafika mlangoni, mama alijibu kutoka nyuma ya pazia.

"Kaja kutengeneza gari la ndugu yako. Mtafutie kiti."

Ami alisimama na jembe lake begani. Mzee wa watu ametazama chini, miwani mkononi. Mwisho ami akaingia barazani, akatoka na kiti, akakiweka kivulini bila kusema karibu. Yule mzee akakaa bila kusema asante. Kwa miaka ile, hayo yalikuwa mengi.

"Haya," ami akanambia, "kalipandishe nione."

Tulirudisha bomba mahali pake, nikapakia mihogo yake yote niliyoikuta uani, nikateremka bondeni. Ami akaja akasimama penye mkorosho, mikono nyuma. Nikageuza, nikakanyaga. Lilimpita likiimba. Kwenye kioo nilimwona akipunga vumbi mbele ya uso, akabaki vile vile, mkono juu, mpaka nikafika.

Alipopanda kwa miguu alikuwa anahema. "Basi ni lako," alisema.

Nikasema ahsante, ami. Nikaingoja furaha. Niliingoja kwa dhati, nimeegemea mlango wa gari langu, pikapu tatu zote zikiwa zimepangwa kichwani na rangi yake. Haikuja. Nikamrudisha mzee Wete, tukiongea habari za bei ya tairi.

Niliporudi jua lilikuwa bado lipo. Mama akaita kutoka chumbani.

"Nimelisikia. Limepita mkorosho."

"Limepita, mama."

"Kifuko ntakaa nacho mie."

"Kaa nacho."

Nikaenda uani kunawa mikono. Nikachota maji kwa kata, nikaiinua, na vidole vikapita karibu na pua. Karafuu. Si ile harufu ya hewani isiyokuwa na mwenyewe. Hii ilikuwa kali, kama mtu amekuja kusimama mbele yangu na shati lake la kazini. Ilinipanda mpaka machoni.

Nikaiweka kata chini. Nikakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, mikono mikavu nimeiweka usoni, na sikunawa mpaka mama alipokuja kuuliza, kutoka nyuma ya mlango, nani analia huko nje.