Maître Robinet

Darasa letu la tano lilinuka chaki, jasho la watoto sitini, na vumbi jekundu la Bunia ambalo wakati wa kiangazi huingia hata ndani ya madaftari yaliyofungwa. Mwalimu wetu alikuwa baba yangu. Shuleni nilimwita Maître kama wenzangu wote. Nyumbani, mara tu alipovua viatu, aligeuka tena kuwa papa. Alikuwa mnene na mchangamfu, sauti yake ilisikika hadi darasa la sita, na mwandiko wake ubaoni ulikuwa mzuri kiasi kwamba mkuu wa shule aliwaleta walimu vijana wauangalie.

Kiangazi kile alianza kunywa maji. Alikuja na bidoni ya maji ya lita tano, akaiweka chini ya meza, na kabla ya mapumziko ilikuwa tupu. Katikati ya hesabu aliweka chaki chini, akatoka haraka kwenda chooni, akarudi, akaandika mistari miwili, akatoka tena. Siku moja, alipokuwa nje, mtoto mmoja wa benchi la nyuma alisimama akasema, "Maître amekuwa robinet! Mayi inaingia huku, inatokea kule." Robinet ni bomba la maji. Darasa zima lilianguka kwa kicheko, na jina likamganda. Nami nilicheka. Nilicheka kwa nguvu kuliko wote, ili wasinigeukie mimi.

Nyumbani alikula kama mtu aliyetoka shambani, sahani ya ugali na sombe ya majani ya muhogo, kisha nyingine, lakini suruali zilimlegea mpaka akatoboa mshipi wake tundu jipya kwa msumari. Kidonda kidogo cha kiatu kisiginoni kilikaa wiki baada ya wiki bila kufunga. Mwandiko wake ukawa mkubwa, ukapinda, na alipoita majina alikileta kitabu cha majina karibu na macho na bado alikosea. Mama aliona yote hayo. Jioni moja, tukiwa tunachambua maharage, alimwambia, "Papa Mave, twende hospitali bakupime."

"Banipime nini?" alijibu. "Bakiniona tu kwa mulango ya labo, kesho kartie yote itasema Maître iko na SIDA. Nitasimama mbele ya batoto namna gani?"

Mama aliendelea kuchambua maharage. Siku zile mtaani kwetu mtu aliyekonda ghafla alikuwa na ugonjwa mmoja tu, SIDA, yaani UKIMWI, na hakuna aliyeutaja kwa sauti.

Kila alasiri papa aliniita. "Mave, niletee sukre ya baridi. Mayi haikate hii kiu." Nilikimbia hadi dukani, nikarudi na chupa mbili za soda ya machungwa zikinilowesha mikono. Alizinywa bila kupumua, akanishika kichwa, akacheka kidogo. Hakujua kwamba darasani nilimcheka. Mimi nilijua, na kila chupa niliyomletea niliihesabu kama kuomba msamaha. Niliona anapata nafuu kwa muda, nikadhani ninamtibu. Nilileta chupa hizo mpaka karibu na Pasaka.

Ilikuwa Alhamisi, akitusomea imla. Alipumua kwa nguvu kama mtu aliyepanda mlima, na alipopita karibu na benchi langu pumzi yake ilinuka matunda yaliyoiva kupita kiasi. Akakaa. Kichwa kikalala juu ya meza. "Robinet imekauka!" mtu akapiga kelele, na wakacheka, mpaka waliponiona nimemkumbatia na haamki. Walimu wawili walimpeleka hospitali kwa pikipiki, wakiwa wamemkaza katikati yao.

Daktari alimuuliza mama kama mgonjwa alikuwa akinywa maji mengi, akikojoa mara kwa mara, akikonda, macho yakififia. Mama aliitikia kila swali.

"Tangu lini?"

"Tangu kiangazi."

Daktari aliweka kalamu chini. "Ni ugonjwa wa sukari, mama. Mumechelewa sana."

Alikufa siku ya pili bila kuamka. Kwenye matanga, nikipitisha chai, niliwasikia wanawake wawili wakinong'ona lile neno alilolikimbia mpaka likamuua.

Leo tone la damu la kidoleni linatosha. Jibu hutoka kabla hujakaa vizuri kwenye benchi la zahanati. Ndugu yangu Ngabu, aliyekuwa na miaka minne papa alipokufa, sasa anakaribia umri aliofia papa na anafanya kazi mpakani, huko Aru. Sikukuu ya Noeli alikuja kutusalimia, kola ya shati ikimpwaya, na wakati wa chakula alitoka nje mara tatu. Nilimwambia wazi ninachokiona. Nikamwambia twende wote wawili, kesho asubuhi.

"Yaya Mave, mimi si mujinga," alisema kwa upole. Kwetu yaya ni ndugu mkubwa. "Najua. Lakini kama ni ile ya kujichoma sindano kila siku, dawa nitaitoa wapi? Njia ikifungwa juu ya vita, nitangoja nini? Acha nisijue kwanza."

Papa aliugua mpaka akaanguka hatujui jina la ugonjwa wake. Sasa jina tunalijua sote, na Jumatatu ndugu yangu alipanda gari la Aru bila kupimwa.