Vioo Vilivyokunywa Kwanza

Wiki iliyopita nilikuwa Koboko, kwenye foleni ya bomba la maji, kiangazi kikiwa kimekaza. Ng'ambo ya barabara mafundi walikuwa wamemaliza kufunga sola juu ya paa lote la kiwanda cha unga, na wakubwa kutoka Arua walikuwa njiani kuja kuizindua. Lakini vumbi lilikuwa limevifunika vioo vyake. Meneja akavuka mbio na wafanyakazi wenye jerikeni tupu.

“Mupishe! Tunaosha vioo kwanza!”

Mama mmoja, mtoto mgongoni, alikuwa ameshafikiwa na zamu. Hakubisha. Aliisogeza jerikeni yake kando kwa mguu, polepole, akasema, “Acha ikunywe, mzee. Yeye iko na kazi. Sisi iko bure tu.”

Meneja alitazama viatu vyake, kisha akajaziwa jerikeni zote. Sisi wenye midomo yetu tukatazama viatu vyetu. Walipoondoka, bomba lilitoa hewa tupu.

Sherehe ilifana. Mashine zikaunguruma kwa nguvu ya jua, na yule mama, aliyerudi na mahindi yake, akasagiwa mbele ya wageni, tukampigia makofi. Unga ulitoka laini, mweupe. Maji ya kuusongea posho, ugali wetu, yalikuwa yameshakaukia juu ya paa.